Mrejesho: makala za kulipia nimezipata kupitia maktaba ya chuo

Niliwauliza namna ya kupata makala za majarida zinazodai malipo, kwa ajili ya tasnifu yangu. Asanteni kwa majibu, na aliyesema nianze kwa mkutubi, ubarikiwe sana.

Mkutubi hakuishia kwenye kichwa cha utafiti. Alitaka swali lenyewe ninalolitafutia jibu. Tukalivunja kuwa maneno ya kutafutia: visawe tukaviunganisha kwa OR, dhana tofauti kwa AND, na maneno yanayokwenda pamoja tukayafunga kwa alama za nukuu. Matokeo yaliyokuwa maelfu yakapungua hadi kiasi kinachosomeka. Huyu ni mtaalamu aliyesomea kazi hii, na inaniuma kuona wengi wetu tunamfuata kuulizia rafu tu.

Kumbe makala nyingi chuo kilishazilipia. Hata ukiwa nyumbani, unaingia kwa akaunti ya mwanafunzi kupitia tovuti ya maktaba na makala inafunguka bila kudaiwa chochote. Zisizokuwemo, baadhi nilizipata DOAJ, orodha ya majarida huria (yanayosomwa bila malipo) iliyoanza mwaka 2003. Nyingine maktaba iliziomba kutoka chuo kingine. Kwa nchi za kipato cha chini ipo pia Research4Life, mpango unaozipa taasisi majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, ila anayejisajili ni taasisi, si mwanafunzi mmoja mmoja, kwa hiyo ulizeni maktabani kwenu.

Marejeo nayatunza kwenye Zotero, programu ya bure. Bado nasubiri sura moja ya kitabu niliyoagiza.