Mita 60 ni za maskini tu? Mikoko yetu inafukiwa kifusi na njia ya diko imefungwa

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Tangu mwezi uliopita malori yanaingia usiku kwenye ufukwe wetu, kaskazini mwa Dar es Salaam, yakimwaga kifusi juu ya mikoko, na kila maji yakipwa tunakuta nchi kavu imesogea tena baharini. Sasa mwenye mradi wa hoteli amezungusha mabati, na njia ya kushukia dikoni (pale tunapoegesha vyombo na kushusha samaki), waliyoipita babu zetu na nyavu begani, ina lango, mlinzi na mbwa.

Tulipolalamika kwa viongozi wetu tuliulizwa kama tuna hati. Hati ya njia ya bahari! Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja mikoko miongoni mwa ardhi hatarishi, na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Mita hizo hizo ndizo walizosomewa wakazi wa bonde la Msimbazi, hapa hapa Dar, Desemba 2015, nyumba zao zilipopigwa alama ya X nyekundu kisha zikavunjwa, watu wakalala nje na watoto. Bonde lile hufurika kweli, sibishi. Lakini aliyejenga kando ya maji alivunjiwa, na huyu anayejenga ndani ya maji analindwa?

Kamba wachanga hukulia kwenye matope ya mikoko, kwa hiyo anayeyafukia anamnyang'anya riziki hata mvuvi asiyewahi kukanyaga hapa. Maji ya bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), yaliyokuwa yakitawanyika humo, yameanza kuingia uani mwetu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tumegawanyika. Vijana wetu wenyewe ndio wanaolipwa kutwa kusambaza kifusi, na siwalaumu sana, kwa maana samaki wamepungua na njaa haina subira. Ila nawajua baba na mwanawe, waliokuwa wakivua ngalawa moja, ambao leo hawasalimiani kwa sababu mmoja anafukia bahari ya mwenzake. Wachuuzi nao wanagombana na wavuvi, eti kelele zetu zitawafukuzia wateja wa hoteli ambayo haijajengwa.

Tunataka malori yasimame, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kibandikwe hadharani tukisome, na lango livunjwe. Kama cheti hicho kipo, aliyekiona aseme hapa ni nani aliyetia sahihi na ni wavuvi gani walioulizwa, kwa sababu dikoni kwetu hakuna aliyeitwa kwenye kikao hata kimoja.