Tupeane uzoefu: bili ya simu ikishafika mikononi mwa wakusanya madeni, ulifanyaje?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Nimeleta huu uzi kwa sababu kila nikiuliza namna ya kujibu barua ya wakusanya madeni napewa majibu mawili tu: "lipa yaishe" au "wapotezee". Naamini humu wapo waliopita njia nyingine.

Kisa changu kwa ufupi. Mkataba wa laini ya kulipia mwisho wa mwezi ulikwisha, nikaandika baruapepe ya kusitisha, wakanijibu kwamba ombi limepokelewa na wakanipa namba ya kumbukumbu. Kumbe bili ziliendelea kutoka kimyakimya, zinatumwa kwenye anwani niliyokwisha kuhama. Sasa imenifikia barua ya kampuni nyingine kabisa, hata jina lake sijawahi kulisikia. Ina mistari mitatu ya fedha: deni la msingi, riba ya kuchelewa, na kitu kinachoitwa "gharama za ufuatiliaji". Huo mstari wa tatu unakaribia kulingana na wa kwanza! Chini, kwa wino mwekundu: lipa ndani ya siku saba, vinginevyo hatua za kisheria zitafuata.

Sijalipa hata senti. Nimewaandikia hivi: "Deni hili silitambui. Naomba nakala ya mkataba, mchanganuo wa bili moja moja, na uthibitisho kwamba mna mamlaka ya kulidai." Nikaambatanisha ile baruapepe ya kusitisha. Nasubiri.

Waliopitia haya leteni visa vyenu, hasa mliandika nini na mkajibiwa nini. Za "nilimtukana akakata simu" tutazicheka, lakini hazitamsaidia mtu.

Laini Mpya

Mkuu afadhali wewe unadaiwa kwa jina lako. Mimi nadaiwa deni la mtu nisiyemjua.

Nilinunua laini, nikaisajili kwa kitambulisho changu, siku chache tu naanza kuitwa bwana fulani. Kampuni za simu hazizitupi namba zilizoachwa. Zikikaa bila kutumika kwa muda zinagawiwa wateja wengine. Mimi nikarithi namba, na madeni ya mwenyewe yakaja nayo. Kila anayepiga ni sauti mpya, kila mmoja naanza kumweleza upya. Mmoja akaniambia, "Basi mwambie huyo ndugu yako anitafute."

Kilichosaidia ni kuacha kujibizana kwa simu. Niliomba anwani ya kitengo chao cha malalamiko, nikaandika kwamba namba hii imesajiliwa kwa jina langu tangu tarehe fulani, nikaweka uthibitisho wa usajili (namba ya kitambulisho nimeifuta kwa wino), nikataka waifute kwenye jalada la huyo bwana kwa kuwa taarifa walizonazo si sahihi. Nchi nyingi siku hizi zina sheria ya taarifa binafsi inayokupa haki ya kutaka taarifa potofu zirekebishwe. Umoja wa Ulaya kanuni zake zinatumika tangu 2018, Kenya walipitisha yao 2019, Tanzania 2022. Nilitaja sheria, simu zikakoma.

Angalizo: akikwambia "nipe jina kamili na tarehe ya kuzaliwa tuhakiki kama siye wewe", usimpe. Hana sababu ya kuvijua hivyo ili kufuta namba.

Mama Wawili

Langu ni la marehemu mama yangu, na hadi leo nikilikumbuka napandwa na hasira.

Mama alikuwa na simu ya mkataba, analipia simu yenyewe kidogo kidogo pamoja na bando la mwezi. Alipofariki nilipeleka nakala ya cheti cha kifo. Wakasema wamepokea. Bili ikaja. Nikapeleka tena. Bili ikaja na faini ya kuchelewa. Halafu ikaja barua kutoka kwa wakusanya madeni, imeandikwa kwa jina la mama: "Mpendwa mteja, tunasikitika kwamba umeshindwa kuwasiliana nasi licha ya jitihada zetu." Niliisoma nimesimama mlangoni, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Baadaye wakaanza kunipigia mimi. Kijana wa watu, sauti ya upole kabisa, akaniambia kwamba familia nyingi huona ni heshima kwa marehemu kumlipia deni lake. Hapo ndipo nilipoelewa mchezo. Hakusema "unadaiwa", alisema "ni heshima".

Nilichojifunza kwa mwanasheria wa mirathi: kwa kawaida deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha, na anayelishughulikia ni msimamizi wa mirathi. Mtoto halirithi deni kwa sababu tu ni mtoto, labda kama alitia saini kuwa mdhamini, au sheria ya nchi husika inamfanya mrithi abebe na madeni pale anapoupokea urithi. Ziko nchi za namna hiyo, na huko mtu anaweza kuukataa urithi wote ndani ya muda uliowekwa. Kwa hiyo uliza kabla hujalipa chochote kwa huruma.

Niliwaandikia: aliyesaini mkataba amefariki tarehe hii, cheti hiki hapa, madai yoyote yapelekwe kwa msimamizi wa mirathi kwa maandishi, na msinipigie tena. Wakafuta faini zote. Iliyobaki ilikuwa salio la ile simu tu, ikalipwa kwenye mirathi.

Nguru

Pole sana dada. Hiyo "heshima kwa marehemu" imeniuma.

Zamani Mdai

Msinipige mawe, wakuu. Niliwahi kufanya kazi upande wa pili wa hiyo simu. Niwaeleze kunavyokuwa kule ndani.

Kwanza, wakusanya madeni wako wa aina mbili. Wapo wanaotumwa na kampuni ya simu na wanakula kamisheni kwa kila wanachokikusanya. Na wapo walionunua madeni kwa jumla, maelfu kwa mkupuo, kwa bei iliyo chini sana ya thamani yake. Swali la kwanza la kuuliza ni "mmetumwa au mmenunua?" Aliyetumwa hawezi kukupunguzia bila ruhusa ya aliyemtuma. Aliyenunua anaweza, maana hata ukilipa nusu bado ana faida.

Pili, ninachokiona kwenye kompyuta yangu wakati naongea na wewe: jina, namba, kiasi, tarehe ya malipo ya mwisho, na kisanduku cha maelezo ambacho wenzangu wameandika vifupisho. Hapokei. Amekana. Ameahidi. Hicho cha mwisho ndicho tulichokuwa tunapimwa nacho. Mwisho wa siku msimamizi haulizi umeongea na wangapi, anauliza umepata ahadi ngapi. Ndiyo maana nakung'ang'aniza useme tarehe, hata kiasi kidogo namna gani. Ukishatamka "Ijumaa", Ijumaa asubuhi jina lako mashine inalipandisha juu kabisa.

Tatu, kitu ambacho karibu kila mara sikuwa nacho mbele yangu ni mkataba wako. Tulikuwa tunapewa orodha tu. Kwa hiyo mtu akiandika kama alivyoandika mleta mada, akaomba mkataba na mchanganuo, jalada lake linatolewa kwenye foleni yangu na kupelekwa kwenye yenye mgogoro. Mashine inaacha kumpigia mpaka nyaraka zije kutoka kampuni ya simu. Wakati mwingine hazikuja. Sasa mtu anayeomba hayo hayo kwa mdomo, huku anafoka? Naandika "mkali" na kesho anapigiwa na mwingine.

Nne, yale maneno "hatua za kisheria" yanachapwa kwenye kila barua. Msikose usingizi kwa wino mwekundu. Karatasi ya mahakama utaijua: ina jina la mahakama, namba ya shauri, na muda wa kujibu. Ikifika hiyo, jibu hata kama deni si lako. Hasa kama si lako.

Na ukikubaliana nao kulipa pungufu, fedha isitoke kabla ya kupata maandishi kwamba kiasi hicho kinafunga deni lote na kwamba taarifa zako kwenye taasisi zinazotunza rekodi za mikopo zitarekebishwa. Niliwaona waliolipa nusu kwa ahadi ya mdomo, na nusu iliyobaki ikauzwa kwa kampuni nyingine.

Pima Maji

Mnajichosha bure. Mimi nilikausha tu, sikupokea simu wala kufungua bahasha, wakachoka wenyewe. Uzi ufungwe.

Kanzu ya Mahakama

@Pima Maji, wewe ulibahatika, usiwafundishe wenzako. Ukimya unategemea uko wapi.

Ni kweli madeni yana ukomo. Uingereza na Wales deni la namna hii mdai ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Uskoti ni 5. Ujerumani ni miaka 3, inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao deni lilipaswa kulipwa. Lakini sehemu nyingi ukilipa hata kidogo, au ukiandika "ndiyo nadaiwa, nivumilie", saa inaanza upya. Ndiyo maana wanapenda sana kusema "tupe chochote tu kuonyesha nia njema".

Sasa upande wa pili. Hukohuko Ujerumani mdai anaweza kuiomba mahakama ikutumie amri ya malipo bila kusikilizwa kwa kesi. Mahakama haichunguzi kama deni ni la kweli. Inaileta posta kwa bahasha ya manjano, na una wiki 2 za kupinga. Ukikausha, mdai anaomba amri ya utekelezaji, na ukiiachia nayo bila pingamizi, deni lililokuwa life kwa miaka 3 linaweza kukufuata miaka 30. Bahasha ambayo wewe hukuifungua, kwa mwenzako inaweza kuwa ndiyo hiyo.

Marekani nako wana sheria ya ukusanyaji madeni tangu 1977. Hawaruhusiwi kukupigia kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na tangu mwishoni mwa 2021 kukupigia zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja kunahesabika kuwa usumbufu mpaka wathibitishe vinginevyo. Ukilipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 baada ya kupata taarifa yao, wanasimamisha kudai mpaka wakuletee uthibitisho. Ukiwaandikia waache kuwasiliana nawe, wanapaswa kuacha, ila deni halifutiki, na mahakamani wanaweza kwenda.

Halafu kuna rekodi ya mikopo. Uingereza alama ya kushindwa kulipa inakaa miaka 6, Marekani 7. Simu zimenyamaza, sawa, lakini subiri siku unaomba nyumba ya kupanga.

Nguru

Yangu haikufika kwa wakusanya, ila ilibaki kidogo.

Nilisafiri kwa meli. Simu imo mfukoni, siigusi. Kumbe ikishatoka nje ya minara ya nchi kavu inajishika kwenye mtandao wa meli yenyewe unaopitia setilaiti, na ule hauko kwenye makubaliano ya kawaida ya kutumia laini ugenini. Hata Ulaya walikoondoa tozo hizo Juni 2017, mtandao wa meli haumo. Nikarudi nikakuta bili ambayo nilidhani wameongeza sifuri.

Nilichofanya: ada yangu ya kawaida ya mwezi niliilipa siku ileile, nikaandika kwenye malipo "ada ya mwezi, sehemu isiyo na ubishi". Iliyobaki nikaipinga kwa maandishi, nikaomba saa na kiasi cha data kwa kila mara iliyotumika. Mchanganuo ulipokuja ulionyesha karibu yote imevutwa alfajiri, nimelala, simu inapandisha picha zenyewe. Nikawauliza onyo walinitumia saa ngapi. Hawakuwa na jibu. Wakapunguza sehemu kubwa, nyingine nikailipa kwa awamu.

Hiyo ya kulipa sehemu isiyo na ubishi naikazia. Ukizuia bili yote wanakukatia laini na kukuandika mdaiwa sugu. Ukilipa iliyo halali, wanabaki na ugomvi mmoja tu wa kujibu.

Bi Tahadhari

Naongeza dogo: matapeli nao wameingia humu. Nilipata ujumbe una jina langu kamili, "deni lako la simu limefikishwa mahakamani", na kiungo cha kulipia. Sikubonyeza. Nilipiga namba iliyopo nyuma ya bili ya zamani, wakaniambia sidaiwi kitu. Msitumie namba iliyomo kwenye ujumbe wenyewe kuhakiki ujumbe huohuo.

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu mrejesho. Wamenijibu mstari mmoja: "Jalada lako limerudishwa kwa mteja wetu kwa uchunguzi zaidi." Hakuna mkataba, hakuna mchanganuo. @Zamani Mdai hii tunaisomaje?

Zamani Mdai

Inasomeka hivi: wao walitumwa, hawakununua, na nyaraka hawajazipata. Lakini usishangilie bado. Jalada lililorudishwa linaweza kupewa kampuni nyingine, na hao watakuanza upya kana kwamba hujawahi kuandika chochote. Sasa iandikie kampuni ya simu yenyewe, uwatake wathibitishe kwamba mkataba ulisitishwa tarehe ile, kwamba salio ni sifuri, na kwamba hawajapeleka taarifa yoyote kwenye taasisi za mikopo. Weka na hiyo barua ya mstari mmoja, ina thamani kuliko unavyodhani.

Laini Mpya

Swali: na kama kampuni ya simu yenyewe haijibu?

Kanzu ya Mahakama

Fuata hatua zao za malalamiko mpaka mwisho kwanza, tunza tarehe na namba za kumbukumbu, kisha peleka kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini kwako au msuluhishi wa malalamiko kama yupo. Wengi wa hao hawatakupokea kama hujaanza kwa kampuni, watakurudisha mlangoni.