Mtoto ana tetekuwanga, anajikuna usiku kucha, nisaidieni

MamaK_Pasua:
Wapendwa habari za usiku, mwanangu wa miaka minne alianza homa Jumapili, Jumatatu namvua nguo nimwogeshe naona vipele tumboni nikadhani mbu, kufika jana vimejaa maji mwili mzima mpaka kwenye nywele na kimoja ndani ya mdomo, kula hataki, anajikuna tu hatulali. Bibi yake kakataa nisimwogeshe eti vitarudi ndani, na hiki kibaridi cha Moshi mwezi huu mnakijua. Nimempa brufen ya maji. Nifanyeje jamani?

Mangi_Mpole:
Pole dada. Hiyo ya kurudi ndani hata mie niliambiwa, nikakaa siku tano bila kuoga nanuka kama beberu na vidonda vikatunga usaha. Muogeshe tu, maji ya uvuguvugu, usimsugue, kumkausha unabonyezabonyeza na kanga kuukuu iliyolainika.

nesi_mstaafu:
Brufen acha leo leo, kwa tetekuwanga inahusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi. Aspirini ndo usiguse kabisa, inaweza kumdhuru ini na ubongo. Homa mpe panado ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Ya kuwasha ulizia kalamaini duka la dawa, ile losheni ya pinki, tikisa chupa upake na pamba ila siyo machoni wala mdomoni. Kucha kata fupi. Akianza kuhema kwa shida, kulegea asiamke vizuri, shingo kukakamaa au kipele kuvimba chekundu cha moto, hapo ni hospitali hata saa nane usiku.

Sakina_Boy:
Bibi yangu Arusha alikuwa anachemsha mwarobaini tunaogea, tulipona wote

nesi_mstaafu:
Mngepona tu hata bila mwarobaini 😂 kuogea sina neno, kumnywesha mtoto hapana.

MamaK_Pasua:
Asanteni. Mdomoni je? Na chekechea arudi lini?

Mangi_Mpole:
Mtori uliopoa kabisa, au maziwa. Ndimu na chumvi nyingi weka mbali, vinachoma.

nesi_mstaafu:
Shule mpaka vyote vikauke viwe magamba, mara nyingi siku tano hadi saba tangu vitoke. Hapo nyumbani kuna kichanga au mjamzito?

MamaK_Pasua:
Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano, ndo anayembeba kutwa nzima nikiwa sokoni. Mama hakumbuki kama huyo mdogo wangu aliwahi kuugua tetekuwanga.

nesi_mstaafu:
Basi huyo ndo wa haraka kuliko mtoto. Kesho asubuhi aende, asisubiri kipele, maana vinaweza kuchukua mpaka wiki tatu kutoka na kuna kinga inayotaka kuwahi. Ila asiende kukaa foleni ya kliniki na wajawazito wenzie, aseme mlangoni kabisa. Na mtoto asimbebe tena.

MamaK_Pasua:
Mungu wangu, mie nahangaika na kujikuna tu. Kahamia kwa jirani sasa hivi, saa moja namsindikiza. Mtoto kalala, nimemvalisha soksi za baba yake mikononi zimefika mpaka kwenye viwiko