Mwanza: HR wa kiwandani kwetu, acha kutuita "familia" huku unatuhesabia dakika za choo!

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mishahara, hii kero ni ya peke yake.

Nipo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina nalihifadhi maana ugali bado naula humo. Tangu aje HR mpya (ofisa rasilimali watu) tumekuwa "wanafamilia". Grupu la WhatsApp kila asubuhi ni mioyo na maua. Siku yako ya kuzaliwa unakatiwa keki, unapigwa picha na gamboti zako. Tukagawiwa fulana za "Timu Moja", mwisho wa mwezi tukakuta zimekatwa kwenye mshahara!

Sasa njoo mlango wa choo. Kuna daftari limefungwa kamba na kalamu yake: jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Dada mmoja wa meza ya kuchuna ngozi, mjamzito, kapewa onyo la maandishi kwa sababu ya hilo daftari. Mikono kwenye barafu kutwa nzima, halafu anaambiwa "dada, familia inakutegemea". Familia gani hiyo?

Nina diploma ya rasilimali watu (ndiyo, na kisu nashika, ajira si mnazijua), kwa hiyo maneno haya hayanibabaishi. Mwaka 1984 wasomi akina Fombrun, wa mkondo uitwao wa Michigan, walisema mtu ni rasilimali kama zingine: mpange kwa mkakati wa biashara, mpime, mlipe kwa matokeo. Mwaka huohuo wasomi wengine, akina Beer wa Harvard, wakasema mfanyakazi ni mdau, asikilizwe, aendelezwe. Ya kwanza ndiyo njia ngumu, ya pili njia laini. Mwaka 1997 mtafiti Truss na wenzake walichungulia mashirika ya Uingereza wakakuta maneno laini, matendo magumu. Ujanja huu hata si wa kwetu.

Na ugumu wenyewe sina ugomvi nao. Bosi mgumu wa kweli anahesabu kila kitu, hadi anachodaiwa. Huyu anahesabu choo, ila mzigo ukichelewa tukapitiliza hadi saa 4 usiku, daftari halionekani. Hapo ndipo tunakuwa familia, "tusaidiane". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ovataimu ni mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Nimemuuliza, kanijibu nina "mtazamo hasi". Samaki wakiadimika, vibarua wanarudishwa getini bila hata nauli ya kurudi Igoma. Siku hiyo undugu haupo.

Waliowahi kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi): ovataimu isiyolipwa unaipeleka ukiwa bado kazini, au mpaka ufukuzwe? Na kibarua asiye na mkataba wa maandishi anapokelewa? Wale wa "kama hupendi acha kazi", pitieni kushoto.