Naomba ushauri: mdogo wangu anatumia fenitoini, sasa anapepesuka

Habari zenu wakuu. Nipo Kongwa. Mdogo wangu ana kifafa, na fenitoini imemtuliza kwa miaka mingi. Baada ya mke wake kuugua TB, naye akaanzishiwa aisoniazidi ya kinga, na tangu hapo amebadilika. Akitembea anapepesuka, ulimi mzito, na ukimwambia aangalie pembeni macho yanachezacheza. Majirani wanasema kaanza pombe. Inaniuma sana, hajawahi kuigusa.

Ninavyofahamu, aisoniazidi hupunguza kasi ya ini kuivunja fenitoini, hivyo inajazana kwenye damu hata kama dozi ni ileile. Kiwango cha kawaida ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Ikizidi hapo ndipo macho na mwendo huanza kuharibika. Zahanati hawana kipimo hicho. Kumwachisha fenitoini ghafla naogopa, maana kifafa kinaweza kumshika mfululizo hata kikamuua.

Ninachoomba: kwa Dodoma mjini kiwango cha dawa kwenye damu kinapimwa wapi, na gharama ikoje? Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapima? Nasikia damu inatolewa kabla ya dozi ya asubuhi, ni kweli? Na aliyewahi kuuguza mtu mwenye hali kama hii, daktari alipunguza fenitoini au alisimamisha aisoniazidi? Kesho alfajiri nampeleka mjini, iwe kipimo kipo au hakipo, kwa hiyo mwenye kujua naomba anijibu leo.