Rakete gani ya padel kwa mwenye anachezaka ya kushambulia mbio mbio?

mwana_lushi (Lubumbashi)

Jambo bandugu na badada. Natafuta rakete mupya ya padel, ule mchezo kama tenisi wa kuchezea mu kiwanja kidogo chenye kuta za vioo. Ile niko nayo ni ya duara, ya fibaglasi, ni ya mwenye anaanza, na sasa naona inanibana. Mi nachezaka upande wa kushoto, napendaka kupanda ku file (wavu wa katikati) mbio, bale ikiinuka kidogo siachi ishuke. Nilitokeaka ku tenisi kwa hiyo mukono unaenda mbio, lakini vole zangu, zile bale napiga mbele hazijagusa chini, zinakufa, zinafika ku kioo cha nyuma bila nguvu, zinaruka polepole na wale wa ngambo wanapata muda ya kurudisha vile wanataka.

Nimeona Vertex ya Bullpadel, Metalbone ya Adidas, Technical Viper ya Babolat na AT10 ya Nox, zote wanasema ni za washambuliaji. Yaya yangu anarudi toka Bruxelles mwezi unaokuja na ataniletea moja tu, bei yenyewe munaijua. Je nichukue ile ya umbo la almasi yenye karboni 18K nimalize? Na uzito gani? Kitu ingine, kiwiko kinaniumaka kidogo nikicheza siku zinazofuatana.

koshi_katuba

Ndugu, ngoja kwanza. Kushambulia kuko kwa namna mbili. Kuko mwenye anaua bale na smashi, lile pigo la nguvu toka juu ya kichwa, anaipiga inatoka inje kwa pembeni, juu ya ukuta wa meta 3, na kuko mwenye anaua na mbio, anakaa karibu na file anakata njia, vole juu ya vole mpaka wale wa ngambo hawana tena pa kusimama. Vile umejieleza, weye ni wa pili.

Almasi ni ya yule wa kwanza. Uzito wake uko ku kichwa, na kwa smashi kile kichwa kinavuta mukono na bale inaondoka na nguvu, hapo sina ubishi. Lakini kile kichwa kinakuchelewesha pale bale inakuja mbio ku tumbo na uko karibu na file, hauna muda hata ya kugeuza mukono. Kisha ile sehemu nzuri ya kupigia iko juu na ni ndogo, ukigusa pembeni yake rakete inatetemeka na kile kitetemeko kinapanda mpaka ku kiwiko. Na weye kiwiko kimeanza kukuambia.

Kati ya zile umetaja, AT10 ni ya umbo la tone la maji, uzito wake uko katikati, zile zingine tatu zinaendaka kwa almasi. Na usifikiri tone la maji ni ya waoga. Agustín Tapia, mchezaji mukubwa wa padel, anapiga na AT10, anacheza kushoto kama weye, na yeye na mwenzake Arturo Coello walimaliza 2023 na 2024 wakiwa namba moja ya dunia. Nani anaweza kusema Tapia hashambulii?

Uzito: gramu 355 mpaka 365. Fabrike inaandikaka tu kati ya hapa na pale, mbili za modeli moja zinaweza kuachana gramu kumi na zaidi, kwa hiyo mwambie yaya aombe duka waipime mbele yake. Na ujue kanda ya juu ya mupini na ile plastiki ya kulinda kichwa vinaongeza uzito, ile ya kichwa ndiyo mbaya juu inaongeza kulekule mbele.

kivu_bale (Goma)

Nakubaliana na koshi, niongeze jambo moja ambalo watu wa kwetu hawaliangaliagi. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, sisi Goma karibu 1,500. Hewa ni nyepesi, haiizuii sana bale, na bale yenyewe presha yake ya ndani inakuwa na nguvu kuliko hewa ya inje, kwa hiyo inaruka zaidi na inaenda mbio zaidi kuliko kule Valencia ao Dubai wanakopimia hizi rakete wakiandika ku intaneti. Maana yake nguvu tayari uko nayo bure, chenye kinakosekana ni kuiweka bale ndani. Mimi kwa huku juu ningetafuta kontroli kwanza.

Hiyo 18K isikutishe. K ni elfu, ni hesabu ya nyuzi za karboni mu kila fungu, 3K ni elfu tatu, 18K ni elfu kumi na nane, haisemi kama rakete iko na nguvu kiasi gani. Chenye kinaamua zaidi ni sponji ya ndani, ile EVA. Laini inakurudishia bale hata ukisukuma polepole, lakini ukipiga kwa nguvu inazama na nguvu inapotelea humo. Ngumu inataka mukono wa mbio, ukichelewa haikusaidii kitu. Weye wa tenisi, mukono uko, lakini kiwiko kinauma, basi chukua ya katikati.

Tena joto linaibadilisha. Kwenu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kabisa, EVA ngumu inakuwa kama ubao, halafu mwezi wa kumi jua kali ileile rakete inalainika. Ya katikati inavumilia misimu yote miwili.

mama_wa_golf

Bana, mimi napiga na almasi na siiachi, lakini nachezaka polepole, nangojea bale ya juu halafu namaliza. Kwa huyu mutoto wetu koshi amesema kweli. Tu musimukatishe kabisa Metalbone, kuko modeli zake zenye vizito vidogo ku pembeni za moyo wa rakete, pale juu ya mupini, ambavyo unatoa na kubadilisha, unaweza kuipunguza kidogo wakati unazoea. Ila usikamate ile ya HRD, ni ngumu, kiwiko chako hakitaiweza.

Sasa kiwiko, hapo mimi nakuomba sana mwanangu. Angalia unene wa mupini. Nyingi zinakujaka nyembamba, unakaza vidole ili isigeuke mu mukono, na kule kukaza mchezo muzima ndiko kunachosha ile misuli inayoshikilia ku kiwiko. Weka kanda ya juu moja ao mbili mpaka ujisikie unashika bila kukamua. Na kama maumivu inabaki hata siku hauchezi, ona muganga mbele ya kununua kitu chochote.

Na zile vole zinazokufa, rakete itasaidia lakini si yote. Wenye wanatoka ku tenisi wanavutaka mukono nyuma sana. Huku kutana na bale mbele yako, mukono mufupi, ikate kidogo chini yake, itashuka ku kioo na haitainuka. Uso wenye mikwaruzo unasaidia hapo, bale inashikwa inazunguka.

mwana_lushi

Asanteni sana, mama, koshi, na weye wa Goma, hiyo ya hewa sikuwa naijua kabisa, njo maana smashi zangu zinaendaka ku grilaje. Basi nimeandikia yaya: AT10, isipite 365, aipime palepale ku duka. Kuko ya 12K na ya 18K, nichukue gani?

koshi_katuba

Shika zote mbili kama inawezekana, lakini yeye njo eko duka, hivi mwambie aulize ile yenye EVA si ngumu kati ya hizo mbili, juu wanabadilishaka kila mwaka. Kama bei ya mwaka huu ni kali, ya mwaka jana ileile AT10 inashukaka sana na haina tofauti kubwa. Na mwambie aibebe ndani ya ndege kama kampani inakubali. Ikifika, usiiache ku gari mu jua, ile sponji inaharibika na joto.