Goldifishi walikuwa wanne, amebaki mmoja. Nakosea wapi?

Mama Nurdin
Wapendwa, habari za jioni. Nina mtoto wa miaka 7 ambaye tangu asubuhi hajagusa chakula. Wiki tatu zilizopita nilimnunulia goldifishi wanne na bakuli la kioo la kama lita 10. Muuzaji aliniambia hawana shida: wape chakula asubuhi na jioni, badilisha maji, basi. Wa kwanza alikufa siku ya nne. Wawili wamekufa wiki hii, wa pili wao tumemkuta leo alfajiri anaelea ubavu.

Na usafi nazingatia. Kila baada ya siku moja namwaga maji yote, nasugua bakuli na changarawe zake kwa sabuni ya vyombo, nasuuza, najaza maji ya bomba. Yanang'aa. Aliyebaki, Nurdin anamwita Chungwa, amekaa juu kabisa, anahema harakaharaka mdomo ukigusa hewa. Nifanye nini usiku huu? Tupo Tabata.

Mzee wa Kioo
Pole sana mama, na mtoto mpe pole. Tuanze na Chungwa, maelezo yatafuata.

Tafuta beseni pana ambalo halijawahi kutiwa sabuni. Weka maji yaliyolala kwenye ndoo au tangi la akiba angalau siku nzima, usikinge bombani sasa hivi. Mhamishe pamoja na nusu ya maji yake ili asishtuke. Usijaze mpaka juu. Maji yakiwa mapana huvuta hewa vizuri zaidi. Kila ukipita, chota kikombe umimine kutoka juu kama unapoza chai, mara kumi hivi. Chakula usimpe kesho wala keshokutwa. Njaa ya siku mbili haimuui.

Sasa sababu. Usijilaumu, mimi mwaka wangu wa kwanza nilizika samaki 11 kwa kosa hilihili. Kilichowaua ni kule kusafisha kila kitu.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, na chakula kinachooza chini huiongeza. Amonia huunguza matamvua, ndiyo maana anapanda juu kutafuta pumzi. Kwa macho huioni. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na yakawa sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wamejishika kwenye changarawe, kuta na sponji ya filta, yaani kichujio cha maji. Wapo wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Kundi hilo huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Lako lilikuwa linafutwa kwa sabuni na klorini, ile dawa ya maji ya bomba, kabla halijaanza, na klorini yenyewe inachoma matamvua.

Halafu lita 10 kwa goldifishi wanne ni kama familia nzima kulala kwenye bajaji. Goldifishi akitunzwa hupita sentimita 15 na huishi zaidi ya miaka 10. Ongeza joto la Dar: asili yake ni Uchina, hupenda maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na amonia ndani yake inakuwa kali zaidi. Bakuli lisikae dirishani.

Kijana wa Kigogo
Mama, huo ni ugonjwa. Nunua vidonge vya antibayotiki uvunje kimoja humo.

Mzee wa Kioo
Hapana mwanangu, nakuomba. Hujaona vidoa vyeupe kama punje za chumvi, hujaona mapezi yaliyooza, unatibu nini? Antibayotiki inaweza kuua na wale bakteria tunaowahitaji. Samaki anayehema juu, maji kwanza.

Bi Mwanza
Naongezea la chakula. Mimi nilikuwa nawatupia makombo ya mkate kwa huruma. Siku hizi natoa kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, kinachobaki nakitoa. Na sponji ya filta isisuuzwe bombani; ikamulie kwenye maji uliyotoa ndani ya tangi.

Mama Nurdin
Shikamoo mzee. Siku ya tatu leo. Chungwa ameshuka chini, anazunguka beseni lote. Nurdin amekula ugali wote. Nimepata tangi la lita 80 la mtumba na pampu ya hewa. Nimwingize leo? Na umeme ukikatika?

Mzee wa Kioo
Marahaba. Nimefurahi sana, mama. Mwingize, lakini peke yake, usinunue mwenzake kwa miezi miwili. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili kwa mwezi wa kwanza, kisha robo kwa wiki, siku zote maji yaliyolala. Changarawe usiziguse. Umeme ukikatika rudia kikombe chako cha chai, na siku hiyo asile.

Tafuta mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, umwombe kipande cha sponji iliyotumika, ukibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi lake. Kiweke karibu na mapovu. Kitakuokolea wiki kadhaa za kusubiri.